Jicho la Mama Mkwe

Aliyesema zawadi ya kutengeneza kwa mkono ni nafuu hakuwahi kutengeneza hata moja. Mimi nimetengeneza moja, na mpaka leo nikipita mbele ya karakana ya fundi pale chini, karibu na soko la Kamwokya hapa Kampala, najifanya naongea na simu.

Chanzo ni mtoto. Alialikwa sherehe ya kuzaliwa ya mwenzake wa darasani, ng'ambo ya Kira Road, kule ambako nyumba zina mageti na mbwa wana majina ya watu. Akarudi na fumbo la vipande: picha ya ngome ya Ulaya katikati ya theluji, imebandikwa kwenye kadibodi na kukatwakatwa vipande 100, ili wewe uliyepewa uhangaike kuirudisha ilivyokuwa. Tulihangaika siku mbili. Mkeka mzima ukawa Ulaya, sisi tukala tumesimama. Mwisho tukakuta vipande viko 98. Mbingu ya wenyewe ikabaki na matundu mawili, mtoto akalia, na mke wangu akanitazama kama ambaye ameshapata wazo na sasa anatafuta mtu wa kulibeba.

"Picha zetu si zipo?" akasema. "Mama anatimiza miaka sabini mwezi ujao. Mkatie ile ya kwanjula kwenye ubao, aunganishe na wajukuu wake. Si ulituambia babu yako alikuwa seremala?"

Babu yangu aliuza madafu Tanga, Mungu amrehemu. Useremala nilimpa mimi, siku ileile ya kwanjula, ndugu wa mke waliponiuliza ukoo wetu una ujuzi gani na msemaji wetu akawa ameishiwa. Kwanjula, kwa wasioijua, ndiyo siku binti wa Kiganda anamtambulisha mwanamume kwa wazazi wake, na upande wa mwanamume unakwenda na vikapu, kreti za soda, jogoo wa shemeji, na msemaji hodari wa kusifu hata pasipo na cha kusifiwa. Uongo ule wa useremala ulikaa kimya miaka tisa, ukinisubiri.

Nieleze na mahali pa kufanyia kazi hiyo. Tunakaa kwenye muzigo. Msomaji wa pwani usicheke: huku muzigo ni chumba kimoja cha kupanga, katika safu ya vyumba vilivyobanana kama abiria. Nilipofika mara ya kwanza na dalali akaniambia ana mizigo mizuri Kamwokya, nilimwambia mimi si mchukuzi. Siku hizi naona nilijibu mapema mno. Na jina lenyewe linaandikwa hivyo lakini hutamkwa Kamwocha. Ndugu zangu wa Tanga bado wananitumia salamu Kamwokiya, na salamu zinafika zimechoka.

Usiku ule nikasoma kidogo, nipate hoja ya kukwepea. Nikapata ya kunikandamiza. Kumbe mchezo huu ulianza kwa mbao, si kadibodi. Mchora ramani mmoja wa London, John Spilsbury, miaka ya 1760 alibandika ramani kwenye ubao mwembamba akazikata kufuata mipaka ya nchi, watoto wa wenye nacho wajifunzie jiografia. Namwonea wivu mzee yule. Ukikata mpaka wa Ufaransa, Ufaransa haiji mlangoni kuuliza kwa nini umeipitisha msumeno shingoni. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 1930, uchumi wa Marekani ulipoporomoka, watu waliokosa kazi walikaa majumbani wakikata mafumbo ya mbao na kuyauza. Hata maktaba na maduka ya dawa yakawa yanayakodisha. Kosa langu ni kwamba hilo la mwisho nililisoma kwa sauti.

"Unaona?" mke wangu akasema. "Ni biashara."

Picha ilikuwa kwenye simu, ikabidi nishuke mjini, Nasser Road. Mtaa ule unachapa kila kinachochapika: kadi za arusi, vitabu vya risiti, kalenda, mabango ya wakubwa wa dunia waliovishwa magwanda ya vita. Kijana niliyemwangukia akaniuliza kama nataka maporomoko ya maji nyuma ya watu. Nikasema hapana, nyuma yao kulikuwa na hema na hema libaki. Akaniuliza, huyu mama aliyevaa gomesi la zambarau tumwondoe mikunjo? Hapo nilifikiri kwa muda. Nikasema mwache alivyo. Nikachapisha nakala mbili, endapo moja itaharibika, nikalipa, nikaondoka. Nilipofika nyumbani ndipo nikaona kwamba amemwondoa mikunjo bure, kwa moyo wake mwenyewe. Mama mkwe kwenye picha alikuwa mdogo kuliko mwanawe.

Mbao nikaambiwa ni Ndeeba, na kweli Ndeeba ni mbao tupu, ukivuta pumzi unakohoa mbao. Hapa niseme neno kuhusu Kiswahili changu. Uganda walikizoea vinywani mwa askari, na askari wa enzi hizo hakuwa anakuja kuuliza bei. Ni lugha rasmi ya pili kwa katiba tangu 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima, lakini mzee niliyemwendea alikuwa bado hajafikiwa na uamuzi huo. Nilimwambia tu, "Shikamoo mzee, habari za kazi?" Akasimama wima, akavua kofia, akaanza kunionyesha leseni.

Tulipoelewana, ikawa hauzi kipande. Anauza plaiwudi nzima, futi nane kwa nne. Mimi nilitaka ukubwa wa karatasi moja, na unene wa milimita sita. Nikanunua nzima, kwa sababu mtu aliyeonyeshwa leseni ataondokaje mikono mitupu? Kisha nikapanda boda nayo. Plaiwudi ya futi nane juu ya boda haiwi mzigo tena, inakuwa tanga. Mtoto wa Tanga, nimevuka Kampala yote kwa upepo wa mbele, dereva ananiambia niegemee kulia, mimi namwambia abishe, na trafiki anatutazama tunavyopita kwa ubavu kama mashua ya Pangani. Bei ya boda ikawa mara mbili. Ya pili, alisema, ni ya woga.

Kubandika ndiko kulikofuata. Gundi ya mbao, ile nyeupe, ina maji, na karatasi ya picha haipendi maji. Ukizidisha inakunjamana, ukipunguza inaacha mapovu ya hewa, na kila povu litakuja kubanduka siku utakapokata. Dawa yake ni kupaka gundi nyembamba sawasawa, kulaza picha, na kuisukuma kutoka katikati kwenda pembeni kwa kitu cha mviringo. Kitu cha mviringo cha karibu kilikuwa cha kijana wa rolex, ile chapati ya mayai, pale kona: mti wake wa kusukumia chapati. Aliniazima. Niliuosha kwa uaminifu kabla ya kuurudisha, lakini siku mbili nzima wateja wake walisema chapati zinashika meno.

Juu yake nikapanga jerikani tatu za maji, lita 20 kila moja, kilo sitini za kugandamiza usiku kucha. Moja inavuja. Ndiyo maana hadi leo kwenye kona ya chini ya zawadi kuna duara la maji, na shemeji yangu mkubwa, aliyeketi pale, anaonekana amezama hadi magotini.

Kukata, nikafanya jambo la busara: nikampelekea fundi. Ana msumeno wa umeme, ule wenye wembe unaopanda na kushuka. Nikamchorea mistari kwa penseli, vipande kumi na viwili kwa vinane, jumla 96, kila kimoja na kichwa na shimo ili vishikane. Akatazama mistari, akanitazama mimi, akavuta waya. Kwa dakika mbili sikuona kitu kwa vumbi. Alipozima, wembe ule mnene ulikuwa umekula karibu milimita mbili kila ulipopita, pembe zote zimechanika kama zimetafunwa, na vipande ukivishikanisha vinachezacheza kama meno ya mtoto wa miaka sita.

"Na shemeji mdogo yuko wapi?" nikamuuliza. "Alikuwa hapa, kati ya wajomba."

Fundi akatazama sakafuni, kwenye vumbi la mbao, kwa heshima.

Ile nakala ya pili, kwa hiyo, nikaikata mwenyewe. Kuna kisumeno cha mkono, fremu yake ni kama upinde, na wembe wake mwembamba kama uzi wa gitaa. Huo ndio unaofaa, kwa sababu hauli ubao, unapenya tu. Lakini unakatika ukiukasirikia. Nilikata nyembe kumi na nne. Nilijifunza kwamba msumeno haugeuzwi, unageuza ubao. Kwamba wembe lazima usimame wima kabisa, ukilala kidogo tu kipande kinaingia kwa upande mmoja na kugoma kwa mwingine. Na kwamba nyuma ya kila kipande panabaki nyuzinyuzi ambazo unaziondoa kwa msasa, ila mbele usiguse, msasa unang'oa uso wa mtu. Nilipiga hesabu. Mistari ile ingekuwa imenyooka, ni karibu mita nne na nusu za kukata. Kwa vichwa na mashimo ilipita mita sita. Mita sita ndani ya picha isiyofika sentimita thelathini, mimi nimeketi kwenye ngazi ya muzigo, nimebana ubao kwa goti, majirani wote wakiwa na maoni.

Maana hilo ndilo hakuna aliyenionya. Picha ya familia haina mahali pa kukata. Kila mstari ni mtu. Ukimkwepa mjomba unampata ssenga, shangazi yule aliyesimamia ndoa nzima na ambaye hakupigiwa simu siku moja tu akanuna miezi minne. Nilisogeza mstari wa saba mara tatu. Ukienda kulia unapita mdomoni kwa ssenga. Kushoto, unapita katikati ya macho ya mama mkwe. Nikasimama na penseli robo saa nzima. Nikachagua kushoto. Mama mkwe ni mpole, na ssenga ana simu.

Sasa uje unisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo niliposhikwa. Kwa Waganda, mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Hampeani mikono. Hamketi mkeka mmoja. Humpi kitu mkononi, unakiweka chini anakiokota, au unampa mtoto ampelekee. Na anayevunja mwiko huo, wazee wanasema, hupatwa na obuko: mikono inatetemeka, kichwa kinatetemeka, hakuna hospitali inayokusaidia mpaka mambo yafanyiwe kimila. Mimi hilo nilikuwa nalijua. Nililiheshimu miaka tisa bila shida yoyote. Kusema kweli ni mila ambayo pwani tungepaswa kuiazima.

Basi nimekata masaa matatu mfululizo. Nimefika kwenye mstari wa saba, nimepita kipajini pa mama mkwe, nimeshuka puani, nimetoka kidevuni. Nikaweka kisumeno chini, nikanyoosha mkono kuchukua chai. Kikombe kikaanza kulia kwenye sahani, ka-ka-ka-ka.

Jjajja, yaani bibi, wa chumba cha tatu alikuwa akimenya ndizi. Akaacha kisu.

"Ssebo," akaniuliza polepole, "huyo unayemkata ni nani?"

"Mama mkwe."

"Banange!"

Nilimweleza kwamba ni mtetemeko wa msumeno. Kwamba yeyote atakayekata ubao masaa matatu kwa mkono atatetemeka, hata akikata picha ya ng'ombe. Alinisikiliza kwa huruma, kama mtu anavyosikilizwa anaposema malaria yake ni uchovu. Kufikia jioni safu nzima ya mizigo ilikuwa inajua. Kijana wa rolex akaniwekea chapati kwenye kigoda badala ya kunipa mkononi, eti sijui kama inaambukiza. Mke wangu akakataa kucheka, ila alicheka. Akauliza tu, "Lakini ulianzia usoni kwa nini?"

Mama akaja kutoka Masaka siku yenyewe, kwa taksi, ambayo huku ni lile basi dogo la abiria 14. Kulala alilala Bukoto kwa binti yake mwingine, kwa heshima ya mila na kwa heshima ya ukubwa wa chumba chetu. Tukamtandikia mkeka ndani, mimi nikakaa nje mlangoni, zawadi ikapelekwa na mtoto kwenye boksi la viatu. Akalitikisa. Akasikia mbao zinagongana. Akauliza kama ni dawa.

Alipoelewa, alifurahi kwa dhati, na hilo nalisema bila kinyongo. Akavaa miwani, wajukuu wakamzunguka, wakaanza na nyuso. Mistari ya juu ilikwenda haraka: hema, vichwa, makoti, nakshi nyekundu za vifuani. Kisha wakafika viunoni, na kutoka hapo kwenda chini picha yote ilikuwa kanzu. Kanzu nyeupe mbele ya hema jeupe, vipande thelathini na ushee vyeupe pee, havina alama hata ya kifungo. Kanzu hizi tuliwaletea sisi watu wa pwani, wafanyabiashara wetu walipofika kwa Kabaka Ssuuna karne ya 19, na sijawahi kulijutia jambo hilo kama nilivyolijutia alasiri ile. Kilichotuokoa ni ndugu zangu wa Tanga, ambao walifika kwenye kwanjula moja kwa moja kutoka kwenye basi. Kanzu zao zilikuwa na mikunjo. Mama alizitambua moja moja. "Huyu ni wa kwenu," alimwambia mtoto anipelekee ujumbe. "Huyu pia. Mwambie baba yako hawa wote walilala wamevaa."

Yeye mwenyewe ndiye hakujipata. Alishika nusu ya uso wake, ule usio na mikunjo, akauliza msichana huyu ni nani na kwa nini amevaa gomesi lake.

Saa kumi na moja vilikuwa vimekaa vipande 95. Pale katikati, kwenye uso wa yule msichana, palibaki shimo lenye umbo la kipande: jicho la kushoto, nusu ya pua, na bega na vifungo viwili vya gomesi. Tukainua mkeka. Tukakung'uta boksi. Tukamkung'uta mtoto, akatoa kiwashio, senti na kizibo cha soda, halafu akatoa siri. Jicho la jjajja alikuwa amelitoa asubuhi kwenda kuwaonyesha wenzake. Na pale stendi ya boda mtu akampa kabalagala mbili za ndizi, akalibakiza.

Sisi kwetu tuna bao na Waganda wana omweso, na yote mawili ni mashimo 32 na kete 64. Nimekulia kwenye michezo hiyo na sijaona mchezo ukisimama kwa kupotea kete. Unaokota kokoto, unaokota mbegu, unaendelea. Ndiyo akili niliyowakuta nayo vijana wa stendi. Wanacheza ludo mchana kutwa kwenye ubao uliopauka, kete zao ni vizibo vya soda, na kimoja kilikuwa kimeingia mtaroni. Wakahitaji kingine. Hiki kilikuwa kizito, kinasimama vizuri, na kina jicho.

"Hatukirudishi, muzee," akaniambia mwenye nacho. "Tangu saa nne sijafungwa. Wakitaka kukila, kinawatazama."

Nikampa kizibo. Akakataa. Nikampa vizibo vinne na elfu mbili. Akataka elfu kumi, akasema ni ya bahati. Nikamwambia hicho ni kiungo cha mwili wa mama mkwe wangu. Wakatazamana. Mmoja akatazama mikono yangu, ambayo bado ilikuwa na mtetemo kidogo, akasogeza pikipiki yake mbali. Lakini kete hawakutoa.

Nikarudi nikamwambia mtoto amwambie bibi yake. Mama hakujibu. Alivua miwani, akaikunja, akafunga kitambaa cha kiunoni upya, akatoka na kupita mbele yangu kwa umbali unaostahili, wajukuu nyuma yake, na nyuma yao nusu ya mizigo ya Kamwokya. Mimi nikafuata nikihesabu hatua, kumi na tano nyuma, kama adabu inavyotaka. Stendi nzima ilisimama. Vijana wakapiga magoti kumsalimia, yule mwenye kete akaweka jicho kwenye kiganja chake mwenyewe na kumnyanyulia mama. Akalichukua, akaligeuza, akanusa msasa. Kisha akautazama ubao wa ludo kwa muda mrefu, akauliza jambo ambalo kutoka kule nilikokuwa sikulisikia, na mtu akamletea kreti akae.

Jua lilipozama mke wangu alinituma nikaulize kama mama atakula nasi au nimbebee. Nilisimama mbali, nikamtuma mtoto. Mtoto akarudi akikimbia. Bibi amesema asisumbuliwe, jicho lake limeshaingia nyumbani, zimebaki kete tatu, na nimwandalie yule kijana elfu kumi zake, kwa sababu ndizo walizowekeana.